Darubini Iliyoangushwa Mara Tatu

Jicho lisiloanguka halijapimwa.

Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi kwa shangazi yenu Mwajabu, pale alipoletewa sifa za kijana anayetaka kumposa binti yake. Hanywi, havuti, hajagombana na mtu, hajapata hasara, hajaugua hata malaria. Shangazi yenu akasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa maneno hayo matatu, kisha akaendelea kupepeta mchele wake. Nyie mkacheka kama mlioelewa, na hamkuelewa kitu. Haya, kaeni. Na wewe Zawena, zima hiyo simu, sitaki kushindana nayo. Maneno hayo hayakuanzia kwa wachumba. Yalianzia kwenye bunduki, na kisa chenyewe kilianza hivi.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Nangurumwe, bondeni, penye mashamba ya mpunga ambayo ukisimama upande mmoja huoni upande wa pili. Wakati wa mavuno watu wa huko walihama nyumba zao wakaenda kuishi madunguni. Nyie wa siku hizi dungu hamlijui. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kimo cha watu wawili, unapanda kwa ngazi ya miti. Humo unalala, unapika, unafukuza ndege na nguruwe mpaka gunia la mwisho lishonwe.

Sasa mwaka huo akaingia simba, na si simba wa kupita njia. Huyu alikuwa ameacha kuhangaika na nyama za porini, maana amekwisha kujua kwamba binadamu hana mbio wala pembe. Mwezi wa nne alimchukua mwanamume mmoja kisimani. Mwezi wa tano akamtoa mwanamke kwenye dungu ambalo ngazi yake ilikuwa haijapandishwa juu. Kila mara alikuja mapambazuko, ukungu ungali umelala juu ya mpunga, na hakuunguruma hata siku moja. Watu walikuta nyayo tu, zimepita dungu hadi dungu kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga.

Siku tatu hazikuisha, bonde likawa tupu. Watu walirudi kijijini wakafunga milango, mpunga wakawaachia nguruwe. Alibaki mtu mmoja tu, Bi Somoe, mjane wa miaka sitini na ushei, mwembamba, mkaidi kupita kiasi. Na mtoto wake wa pekee, Shamte Ngwalima, ndiye aliyekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Bunduki ya kijiji, yenye kibali cha serikali, ilikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo mtu akimwona Shamte njiani alimtazama kwa namna mbili: kama mtu anayepaswa kuwaokoa, na kama mtu ambaye mama yake yuko shambani peke yake na simba.

Shamte alimwendea mama yake mara tatu kumsihi arudi nyumbani. Mara ya kwanza alimbembeleza, mara ya pili alikuja na wazee, mara ya tatu alipiga magoti. Bi Somoe hakumwinulia hata uso.

"Mpunga huu nimeupanda kwa mgongo wangu," alisema. "Kazi yako ni simba, yangu ni ndege. Kila mtu ashike yake."

Shamte akainuka, akapangusa magoti. Mama mzazi humbebi mabegani kama mzigo wa kuni. Akaona limebaki jambo moja tu, amuue simba kabla simba hajafika kwa mama yake. Akajenga dungu lake hatua sabini kutoka la mama, akahamia.

Taabu ilikuwa macho yake. Shamte alikuwa amefika ule umri ambao mtu anasoma barua kwa kunyoosha mkono. Mchana alilenga vizuri, lakini mapambazuko, saa anayotembea yule mnyama, kile kinundu cha mbele ya mtutu kilimpotea kabisa. Siku moja alimwona simba akivuka tuta, akafyatua, risasi ikaenda zake inakokujua yenyewe. Simba hata hakukimbia. Basi kijiji kikakaa, kikakubaliana anunuliwe darubini ya bunduki, ile inayofungwa juu ya mtutu, mtu akichungulia humo anaona mbali kama karibu, na ndani yake mna msalaba wa kulengea.

Akaenda mjini kwa Fundi Remtula. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi, amezaliwa pale pale, baba yake fundi wa bunduki na babu yake fundi wa bunduki, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kushinda cha wengi wetu. Alimwekea Shamte darubini mbili mezani.

Ya kwanza, jamani, ilikuwa pambo. Ndefu, nyeusi ya kung'aa, kioo chake cha mbele kipana kama kikombe. Shamte alipoichungulia kuelekea barabarani aliona kibao cha duka la ng'ambo, akasoma kila herufi, akaona mpaka nzi aliyetua juu ya herufi moja. Na msalaba wa ndani ulikuwa wa nyuzi nyembamba mno, umepigwa vistari juu, chini, kushoto, kulia, na kila kistari kina tarakimu yake. Alisisimka mwili mzima. Alihisi kwamba mtu mwenye kitu kile hawezi kukosa, ni kuchagua tu kistari.

Ya pili ilikuwa fupi, nzito, haina mng'aro. Ukiichungulia huoni tarakimu hata moja. Unaona mihimili mitatu minene, mmoja unatoka kushoto, mmoja kulia, mmoja chini, na pale inapotaka kukutana inakuwa myembamba, basi.

Fundi Remtula akamwambia asitazame barabarani penye jua, atazame kule stoo penye giza. Shamte akatii, akachungulia stoo kwa ile ndefu, nyuzi zote zikapotea. Kwa ile fupi, mihimili ilisimama pale pale. Fundi akaeleza kwamba nyuzi nyembamba ni za kupiga shabaha za karatasi saa sita mchana, lakini mwindaji huishi kwenye utusitusi, na bunduki ya mwindaji huanguka. Akaichukua ile fupi akaigonga kwenye ukingo wa meza, ko, ko, bila huruma. Ile ndefu hakuigonga. Shamte aliyaona yote hayo kwa macho yake mawili. Lakini moyo ulikuwa umeshaoa.

"Fundi," alisema, "wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo fupi naona unaitembeza sana."

Fundi alicheka, akaifunga ile ndefu juu ya bunduki, akamwambia siku ikimkorofisha airudishe.

Nangurumwe ilimpokea kwa vigelegele. Na hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo la hadithi. Wawindaji wa Nangurumwe walikuwa na mwiko wao. Silaha mpya haigusi ardhi mpaka imwage damu. Ikigusa ardhi kabla, wanasema nguvu zake zinamwagika kama maji ya mtungi uliopasuka, na mwenye kuiangusha anakuwa ameleta mkosi kwa wote. Mkuu wao, Mzee Mkunguma, mtu wa heshima zake, aliamua kwamba bunduki iliyopata jicho jipya ni bunduki mpya. Ikafukizwa ubani, ikafungwa shuka nyeupe, ikabebwa mikononi siku nne kama mtoto mchanga. Hata ilipowekwa ilitandikiwa mkeka juu ya kitanda. Siku ya tano Shamte akatundikiwa kibuyu kwenye mti, hatua mia kamili. Akafyatua, kibuyu kikasambaratika. Watu walitazamana kwanza, halafu ndipo wakapiga kelele. Mzee Mkunguma alisema tangu azaliwe hajaona jicho kama lile.

Jioni ile Shamte akarudi dunguni kwake, bunduki begani. Vipandio vya ngazi vilikuwa vimesuguliwa na nyayo mpaka vikawa laini. Alipofika kipandio cha mwisho mguu ukateleza, akajishika kwa mikono miwili asianguke, na mkanda ukamtoka begani. Bunduki ikaenda chini, ikagonga kipandio, ikapinduka, ikatua kwa upande wa darubini kwenye udongo mkavu uliopigwa jua mwezi mzima.

Aliteremka mbio. Akaigeuza, akaipangusa, akachungulia. Kioo hakikupasuka, msalaba ulikuwepo, vistari vyote vipo. Akatazama huku na huku, hakuna aliyeona. Sasa mwindaji wa mahali pengine angefanya nini? Angesema imeanguka, ngoja nitundike kibuyu kingine nijaribu. Shamte hangeweza. Kujaribu ni kufyatua, na mlio ukisikika kijijini watauliza kwa nini, na akisema kwa nini, Mzee Mkunguma atamnyang'anya bunduki siku arobaini isafishwe mkosi. Siku arobaini mama yake pale juu na simba chini! Akapanda nayo dunguni, asimwambie mtu. Msimlaumu haraka. Kila mmoja wenu ana kitu alichokiangusha akakiokota bila kusema.

Siku ya pili yake, kulipoanza kupambazuka, simba akaja. Alitokea kwenye ukungu kwanza kichwa, halafu mabega, na Shamte akasahau kupumua. Hakuwa amewahi kumwona karibu hivyo. Manyoya ya shingoni yalikuwa meusi, yamelowa umande, na alitembea juu ya tuta taratibu bila kugeuka, kama kwamba bonde lote ni ua wa nyumba yake. Shamte aliogopa, naam, lakini zaidi ya hofu alihisi heshima, akasema moyoni subhanallah, Mungu anaumba. Akachungulia. Alimwona mnyama, ila nyuzi za msalaba hazikuonekana. Zilikuwa zimemezwa na utusitusi kama kule stoo. Akangoja. Simba anakwenda, yeye anangoja. Nuru ilipotosha kuziona nyuzi, simba alikuwa ameshafika hatua mbili kutoka dungu la Bi Somoe.

Angengoja zaidi, simba angekuwa chini ya mama yake. Shamte akaweka msalaba katikati ya bega, pale pale, akafyatua.

Simba akashtuka, akaruka kando, akatoweka kwenye mpunga. Na kutoka upande wa dungu la mama ukasikika mpasuko wa mti. Risasi ilikuwa imekwenda upande kabisa wa kushoto, ikapiga nguzo ya dungu, vipande vya mti vikaruka. Shamte aliteremka akakimbia, bunduki mkononi, huku akiita jina la mama yake kama mtoto. Alimkuta amekaa juu, mikono magotini. Tundu la risasi lilikuwa kwenye nguzo, shibiri moja chini ya mahali alipokuwa ameegemeza mgongo.

Shamte alikaa chini ya dungu akalia. Mambo mawili yalimjia pamoja, kwamba alitaka kumwokoa mama na simba, na kwamba kidogo angemuua yeye mwenyewe, tena kwa kitu alichokijua kina shaka. Akamwambia yote. Ngazi, mguu, mkanda, udongo, na jinsi alivyopangusa akanyamaza.

Bi Somoe alimsikiliza bila kumkatisha. Kisha akateremka, akachukua bunduki, akaitikisa darubini karibu na sikio lake. Ndani kulikuwa na kitu kinacheza, kama punje ya mahindi ndani ya kopo.

"Wewe ulianza kutembea huna mwaka," alisema. "Ukaanguka mpaka nikachoka kukuokota, na ndipo nikajua una miguu. Jicho hili mpaka jana hawakuwahi kuliangusha hata siku moja, wamelifunga shuka. Nani amelipima?"

Shamte akauliza wafanye nini, maana wazee wakijua itakuwa vita. Bi Somoe akasema vita na wazee ameshapigana vingi. Wakaondoka wote wawili mpaka kijijini, na hiyo ndiyo mara pekee aliyokubali kuliacha dungu lake. Mbele ya wawindaji wote Shamte akakiri. Mzee Mkunguma alikasirika, akasema si ajabu risasi imekwenda kombo, nguvu zimemwagika ardhini, mwiko ni mwiko. Wengi wakamuunga mkono.

Bi Somoe hakubishana kuhusu nguvu. Alisema yeye anarudi dunguni kesho kutwa, na mwanawe atafyatua tena upande ule ule, na yeye atakuwa pale pale. Basi anaomba kitu kimoja kama haki yake, kwa sababu mgongo utakaopigwa ni wake. Darubini itakayokuja, iangushwe kwanza mbele ya watu wote, ndipo ifyatuliwe. Kama nguvu zitamwagika, zimwagike hapa kijijini, si kule. Wazee walitazamana. Wakamkubalia, maana ni mama aliyetoka kuponea shibiri moja.

Shamte akarudi mjini, mkononi darubini ndefu, usoni aibu. Fundi Remtula hakumcheka safari hii. Aliifungua pale mezani akamwonyesha kipande cha ndani kinachoshikilia msalaba, kimeng'oka. Akamfungia ile fupi. Akaenda naye nje ya mji penye kichuguu, wakafyatua, fundi akakaza skrubu za darubini, wakafyatua, akakaza tena, mpaka risasi tatu zikaingia mahali unapoweza kupafunika kwa kiganja.

Ijumaa baada ya swala watu walikusanyika uwanjani, wanaume, wanawake, hata wagonjwa waliletwa. Palikuwa na dungu la kulindia mahindi. Risasi zikatolewa zote, Mzee Mkunguma mwenyewe akahakikisha, kisha Shamte akapanda na bunduki mkononi. Alipofika juu, mikono ikamgomea. Tangu utoto alifundishwa kwamba silaha mpya haigusi ardhi, na sasa anatakiwa aitupe. Akamtazama mama yake. Bi Somoe akamwashiria kwa kichwa aiachie.

Akaiachia. Bunduki ikatua kwa kishindo, na Mzee Mkunguma akafunika uso kwa kofia yake. Shamte akateremka, akaichukua, akapanda tena, akaiachia mara ya pili, kwa upande wa darubini. Mara ya tatu akaiachia kwa upande mwingine, na mwanamke mmoja akaanza kulia. Darubini ilikuwa imechubuka, ina kovu refu ubavuni.

Ndipo akatia risasi. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa hatua mia, kidogo kuliko kile cha kwanza, na ubavuni mwake Bi Somoe alikuwa amechora alama kwa mkaa, isiyozidi kiganja. Shamte akapiga goti, akachungulia, akafyatua. Kibuyu hakikusambaratika. Kilibaki kinaning'inia, kinayumba, na katikati ya mkaa palikuwa na tundu moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Wale watu walikuwa wameona mengi, mafuriko, njaa, tembo kupita katikati ya kijiji, lakini jambo hilo hawakuwa wameliona. Kitu kimetupwa kutoka juu mara tatu na bado kinajua pa kutazama! Walikisogelea kibuyu mmoja mmoja, wakatia kidole kwenye tundu, wakapisha wengine. Mzee Mkunguma naye alitia kidole. Alisema kibuyu si simba, akaenda nyumbani kwake.

Bi Somoe alirudi dunguni kama alivyoahidi. Shamte naye akarudi kwake. Siku ya kwanza simba hakuja, ya pili hakuja, ya tatu ukungu ulikuwa mzito mno. Kulipoanza kupambazuka Bi Somoe aliteremsha ngazi ashuke kutawadha, akatia mguu kipandio cha kwanza. Simba alikuwa amelala pale pale mpungani, tangu saa ngapi Mungu ndiye ajuaye. Bi Somoe akamwona akiinuka. Akarudi juu, lakini ngazi hakuwahi kuivuta, maana simba alikuwa ameshaweka miguu ya mbele juu yake.

Shamte alisikia miti ya ngazi ikilia. Kutoka dunguni kwake aliona ukungu tu na kitu kikubwa kinachopanda, na nguzo iko katikati, hawezi kufyatua. Akaruka chini akakimbia juu ya tuta apate upande ulio wazi. Mara akasikia mama yake akiguna, kama mtu anayetwanga, akajua amechukua mchi na anampiga nao mnyama kichwani. Akaongeza mbio. Tuta lilikuwa bichi. Mguu ukamtoka, akaanguka kwa uzito wake wote, na bunduki ilikuwa chini yake. Darubini iligonga kisiki, akausikia mgongano wa chuma na mti mpaka kwenye meno.

Akainuka kwa goti moja. Hatua thelathini mbele yake simba amesimama wima kwenye ngazi, manyoya meusi, mgongo mrefu hauishi, mkono mmoja umeshafika sakafuni. Juu yake mama, mchi mikononi, kanga imemvuka kichwani. Kati ya bega la simba na miguu ya mama palikuwa na nafasi ya mkono mmoja.

Shamte alipangusa kioo kwa shati. Alichungulia. Kulikuwa na tope pembeni, kulikuwa na ukungu, na nuru haikuwa imetosha hata kumtambua mtu usoni. Lakini mihimili mitatu ilikuwa imesimama, minene, myeusi, haikwenda popote. Angekuwa na ile nyingine mkononi, baada ya mwanguko ule, asingefyatua kuelekea kwa mama yake hata kwa kulazimishwa. Angekaa pale akatazama. Sasa alijua. Hii alikuwa ameiona ikianguka mara tatu kwa mkono wake mwenyewe. Akaweka mihimili kwenye bega la mnyama, akashusha pumzi, akavuta.

Simba aliachia ngazi. Alianguka chali, akageuka, akajaribu kusimama, akakaa chini polepole, kisha akalaza kichwa juu ya miguu yake.

Bi Somoe alishusha mchi. Alimtazama yule mnyama, halafu akamtazama mwanawe aliyejaa tope mwili mzima.

"Umeanguka," alisema. "Nimekuona. Umeumia?"

Shamte alikuja akaupita mwili wa simba, akapanda ngazi, akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, mtu mzima na ndevu zake, na Bi Somoe akamwachia.

Watu walifika jua likitoka. Walisimama wakizunguka, hakuna aliyemgusa simba, wengine walivua viatu bila kujua kwa nini. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba. Mzee Mkunguma alipita katikati yao, hakwenda kwa simba, alikwenda penye bunduki, iliyokuwa imeegemezwa kwenye ngazi. Aliitazama darubini, akaona tope lililoingia kwenye skrubu na jeraha jipya ambalo Ijumaa halikuwepo. Akamwita Shamte.

"Hii imeanguka tena," alisema. "Kabla ya kufyatua, au baada?"

"Kabla, mzee."

Mzee Mkunguma akatazama juu, pale aliposimama Bi Somoe. Akatazama nafasi iliyokuwepo kati ya damu kwenye ngazi, pale bega la simba lilipopigwa, na miguu ya Bi Somoe. Akapanda, akaipima kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya vidole, ikatosha, haikubaki hata unywele. Akateremka. Yule mzee aliyeulinda mwiko wake maisha yake yote, aliyerithi kwa baba yake naye kwa baba yake, akaketi kwenye tope mbele ya wadogo zake, akavua kofia. Wakangoja aseme dua ya windo, kama ilivyo desturi.

Hakusema dua. Alisema, "Jicho lisiloanguka halijapimwa."